Chaki ya drili isiyo na ufunguo kwenye mashine ya milingi: jinsi ya kuichagua, kuifunga na kuitumia

Chaki (kishikio cha biti) isiyo na ufunguo, yaani ya kukaza kwa mkono, ina tabia moja ambayo ukiielewa, mengine yote yanafuata: hujikaza yenyewe biti inapokutana na kazi. Ndani yake kuna taya tatu zinazoteleza kwenye koni, na skrubu inayozisukuma kuelekea mdomoni. Biti inapokata chuma, sehemu yenye taya hubaki nyuma kidogo wakati mwili wa chaki unazungushwa na spindo (mhimili wa mashine unaozunguka). Tofauti hiyo ndogo inageuza skrubu, skrubu inasukuma taya, na taya zinabana zaidi. Ndiyo maana unaikaza kwa kiganja tu, halafu unatoboa tundu la milimita 12 kwenye chuma bila biti kuteleza.

Upande wa pili wa tabia hiyo ni kwamba spindo ikizunguka kinyume, au ikisimamishwa ghafla kwa breki, skrubu inarudi na taya zinalegea. Hakuna kinachotangaza. Biti inalegea tu.

Mwongozo huu ni kwa fundi mwenye milingi ya goti yenye kichwa cha kugeuka, aina ya Bridgeport ya Marekani na nakala zake za China na Taiwan kama X6325, au mwenye milingi ndogo ya mezani yenye nguzo ya duara.

Kwanza, je, unaihitaji?

Ukitoboa tundu moja kwa wiki, chaki ya ufunguo uliyonayo inatosha. Faida ya isiyo na ufunguo inaonekana pale kazi moja inapotaka biti nne au tano mfululizo. Chukua tundu la hesi ya M10: unaanza na senta biti, unapitisha ya milimita 5, kisha 8.5, mwisho unakata ukingo kwa biti ya kukwangulia. Kila badiliko ni sekunde chache, na hakuna ufunguo wa kusahau kwenye chaki ukaruka spindo inapowashwa.

Koleti (vishikio vya pete zilizopasuliwa, kila moja kwa kipenyo chake) nazo hushika vizuri na huyumba kidogo kuliko chaki nyingi, lakini koleti moja ya ER32, saizi ya kawaida, hubana tofauti ya milimita 1 hivi tu. Kazi hiyo ya M10 pekee ingekutaka ubadilishe koleti karibu kila hatua. Koleti ziachie endimili, yaani visu vya milingi vinavyokata kwa pembeni.

Usiitupe chaki ya ufunguo. Kuna kazi ambazo isiyo na ufunguo haifai kabisa, nitazitaja mbele.

Hatua ya 1: Jua spindo yako inapokea nini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu chaki inanunuliwa kwanza na shafti (kipande kinachoiunganisha na spindo) inatafutwa baadaye. Anza na mashine. Milingi nyingi za aina ya Bridgeport zina spindo ya R8 (R8, ISO na Moris ni majina ya maumbo ya tundu la spindo). Kubwa zaidi zina ISO 30 au ISO 40, na ndogo za mezani huwa na R8 au Moris tepa (tepa ni umbo la koni) namba 3.

Kisha toa ile bolti ndefu inayovuta shafti kutoka juu ya kichwa, uangalie hesi yake. R8 ya asili ina hesi ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, lakini siku hizi zinauzwa R8 zenye hesi ya M12. Kwa ISO 40 kuna M16, na kuna inchi 5/8 yenye nyuzi 11. Hizi mbili za mwisho zina upana unaokaribiana sana, 16 na 15.875, kiasi kwamba bolti itaingia mzunguko mmoja au miwili halafu igome. Mtu asiyejua huongeza nguvu ya spana, na hesi inaharibika kwenye shafti mpya. Bolti ikigoma mapema, itoe upime.

Moris tepa yenye ulimi bapa mwishoni ni ya mashine ya drili. Haina hesi ya kuvutwa, na kwenye milingi hakuna tundu la kupitishia kabari ya kuitoa. Hakikisha unayonunua ina hesi nyuma.

Hatua ya 2: Shafti ya kuungana au ya kutengana?

Chaki huuzwa kwa namna mbili. Kuna ambayo shafti ya R8 au ISO ni kipande kimoja na mwili wake, na kuna yenye tepa fupi mgongoni ambayo unaigongea shafti yako.

Kwa milingi, kama pesa inaruhusu, chukua ya kipande kimoja. Ni fupi zaidi, ina kiungo kimoja pungufu cha kuyumba, na haiwezi kuchomoka kwenye tepa yake. Ya kutengana ina faida yake: unaweza kuihamishia kwenye lezi au kubadilisha shafti ukinunua mashine nyingine.

Ukichagua ya kutengana, soma herufi zilizochongwa mgongoni. Chaki za Ulaya na nyingi za China hutumia tepa za B: B10, B12, B16, B18, B22. Namba inakaribia upana wa mdomo wa tepa kwa milimita. Zenye asili ya Marekani hutumia tepa ya Jacobs, jina la Arthur Jacobs aliyeunda chaki ya drili ya ufunguo mwanzoni mwa karne ya 20, nazo huandikwa J au JT: JT2, JT33, JT6.

Mtego mkubwa uko kati ya B16 na JT33. Upana wa B16 ni milimita 15.733, wa JT33 ni 15.850. Ukizishika mkononi ni kitu kimoja, na ukizigonga zinashikana. Ila mteremko ni tofauti: B16 inapungua milimita 1 kwa kila 20 za urefu, JT33 inapungua milimita 1 kwa kila karibu 16. Kwa hiyo zinagusana upande mmoja tu. Chaki itaonyesha kuyumba usikokuelewa, na siku ya biti kubwa itaanguka mezani.

Kama herufi zimefutika, kama ilivyo kwa chaki nyingi za mtumba, fanya hivi. Safisha tepa, chora mistari mitatu ya kalamu ya wino kwa urefu wa shafti, ingiza ndani ya chaki, zungusha robo mzunguko na utoe. Wino ukifutika kwa urefu wote, zinalingana. Ukifutika mwanzoni au mwishoni tu, mrudishie muuzaji.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wengi hawaifikirii: chaki yenye shafti ya mviringo iliyonyooka, inayoshikwa na koleti. Nunua yenye kipenyo sawa na endimili unayoitumia zaidi, kwa mfano milimita 20. Hapo unatoa endimili na kuingiza chaki bila kubadilisha koleti.

Hatua ya 3: Ukubwa

Saizi za kawaida, kwa milimita za kipenyo cha biti, ni 0–8, 0.5–10, 1–13 na 3–16. Kwa milingi moja na chaki moja, chukua 1–13. Watu huvutiwa na 3–16 wakidhani kubwa ndiyo bora, kisha wanagundua haishiki biti ya milimita 2, ni nzito, na ni ndefu.

Urefu ndio gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Chaki ya 1–13 hula takribani milimita 100 chini ya spindo, biti bado haijafungwa. Biti ya kawaida ya milimita 10 ina urefu wa 133. Jumla ni zaidi ya sentimita 20, bado hujaweka jiliwa na kazi yenyewe. Kwenye milingi ya goti utashusha goti, na kama reli zimechakaa, meza inaweza kuhama kidogo. Kwenye milingi ya nguzo ya duara ni balaa zaidi: ukilegeza kichwa kukipandisha, kinageuka kwenye nguzo na senta yako imepotea.

Dawa ya bei nafuu ni biti fupi. Ya milimita 10 iliyotengenezwa fupi ina urefu wa 89 badala ya 133, umeokoa milimita 44 hapohapo. Tena haipindi kirahisi, na mara nyingi inaanza tundu bila senta biti. Nikichagua kati ya chaki ya bei kubwa na seti ya biti fupi, naanza na biti.

Hatua ya 4: Kuikagua dukani

Iwe mpya au ya mtumba, funga taya mpaka mwisho uziangalie kwa mbele. Ncha tatu zikutane katikati bila moja kutangulia. Fungua na ufunge kwa urefu wote. Mwendo uwe laini, usiwe na sehemu inayokwama kisha kuachia. Ishike sehemu ya nje uitikise: mchezo unaousikia mkononi ni chaki iliyochoka.

Angalia ndani ya taya kwa tochi. Mikwaruzo ya kuzunguka inaonyesha biti ziliwahi kuteleza humo. Kovu moja si kifo, lakini taya zilizoliwa mdomoni na kubaki nzima ndani zitashika biti kwa nyuma tu, na ncha itacheza.

Chaki za usahihi, kama Albrecht na Röhm za Ujerumani au Llambrich ya Hispania, hutangaza kuyumba kwa karibu milimita 0.05 au chini yake. Tahadhari na chaki za plastiki za drili za mkononi zinazouzwa na shafti ya kuungia. Kwenye milingi hazina nafasi.

Hatua ya 5: Kuunganisha shafti

Fanya kazi hii mezani, kamwe usiigongee chaki ikiwa kwenye spindo. Beringi za spindo ndizo zitakazolipa.

Rudisha taya zote ndani kabisa ili pigo lisizifikie. Futa mafuta ya kiwandani kwenye tepa zote mbili kwa spiriti au asetoni na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha pitisha kidole kutafuta vinundu na uvitoe kwa jiwe laini. Usipake grisi wala gundi. Tepa hushikana chuma kwa chuma kikavu. Simamisha chaki mdomo chini juu ya kipande cha mbao ngumu, ingiza shafti kwa mkono kwa nguvu, kisha ipige mgongoni pigo moja au mawili makali kwa nyundo ya plastiki au ya mpira mgumu. Weka bolti kwenye tundu la hesi kabla ya kupiga, ipokee pigo badala ya hesi.

Siku ya kutenganisha, tumia jozi ya kabari kati ya mgongo wa chaki na bega la shafti, ukizibana pamoja kwa jiliwa. Kutumia tindo upande mmoja kunaipinda shafti.

Hatua ya 6: Pima kuyumba

Zima mashine na uweke gia katikati ili spindo igeuke kwa mkono. Kwanza weka dayali geji (saa ya kupimia) ndani ya tundu la spindo. Kama spindo yenyewe inayumba, hakuna chaki itakayokuokoa. Kisha funga chaki, bana pini iliyosagwa ya milimita 10, na upime kama sentimita 2.5 chini ya taya huku ukizungusha polepole.

Mpaka 0.05 ni nzuri sana. Mpaka 0.1 inatosha kazi nyingi za kutoboa. Ikizidi hapo, legeza, geuza pini theluthi moja ya mzunguko, bana na upime tena. Kilele kikihama pamoja na pini, pini imepinda. Kikibaki upande uleule wa chaki, toa shafti, safisha upya na uigeuze kwenye tepa.

Ila usipoteze usingizi kwa sehemu chache za mia za milimita. Kuyumba kunakuzidishia upana wa tundu kuliko kulihamisha mahali pake, kwa sababu biti bado inazunguka mhimili wa spindo. Tundu la kupitisha bolti halijali. Biti za chini ya milimita 2 ndizo zinazojali: huvunjika.

Hatua ya 7: Kufunga biti

Futa shina la biti. Kama limewahi kuteleza na kuota vinundu, visugue kwa faili kwanza, maana kinundu kimoja kinaisukuma biti nje ya senta. Ingiza mpaka chini kisha irudishe milimita chache, na taya zishike shina laini, zisiguse mifereji ya kukatia. Biti nyembamba huweza kunaswa kati ya taya mbili badala ya tatu. Baada ya kukaza, zungusha spindo kwa mkono utazame ncha kabla ya kuwasha.

Kukaza: shika pete ya juu, geuza sehemu ya chini kinyume cha mzunguko wa spindo. Nguvu ya kiganja tu. Wapo wanaoshika chaki na kugusa swichi ili mota imalizie kukaza. Usifanye hivyo, hata kama umeona fundi mkubwa akifanya.

Hatua ya 8: Kutoboa, na hatari ya gia ya chini

Kwa kasi, hesabu ya haraka ya biti za HSS (chuma cha kasi, biti za kawaida) ni hii: chuma laini, gawa 8000 kwa kipenyo cha biti, aluminiamu, 20,000, stenlesi, 3500. Milimita 10 kwenye chuma laini inakupa mizunguko 800 kwa dakika. Milimita 12 kwenye stenlesi inakupa 290.

Hapo kwenye 290 ndipo pa kusimama. Kichwa cha puli cha Bridgeport kina kasi nane: nne za moja kwa moja, kuanzia 660 hadi 2720, na nne za gia ya chini, kuanzia 80 hadi 325. Kupata 290 lazima uingie gia ya chini, na kwenye kichwa hiki gia ya chini hugeuza mwelekeo wa spindo. Swichi ya mota nayo inabidi uipeleke upande wa pili ili spindo irudi kuzunguka mbele. Ukisahau, biti inazunguka kinyume. Haikati, inasugua, inapata moto, na chaki isiyo na ufunguo inalegea palepale. Utaona biti imesimama ndani ya kazi huku chaki ikizunguka, au imedondoka na kung'oa ncha.

Kwa hiyo kila unapobadilisha gia, washa sekunde moja biti ikiwa juu ya kazi, na utazame inazunguka upande upi. Bandika kipande cha tepu yenye mshale karibu na swichi kama mashine inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Mengine ni ya kawaida. Kazi ishikwe na jiliwa au klampu, kamwe mkono. Funga kufuli za meza. Senta biti, kisha biti ya njia, kisha ya mwisho, bila kusogeza meza. Rudisha biti mara kwa mara kutoa chembe, weka mafuta. Inapokaribia kutokea upande wa pili, punguza msukumo, kwa sababu hapo biti hujinyakulia na kuikaza chaki kupita kiasi. Shaba nyeupe hunyakua vibaya zaidi. Ipe biti ukingo bapa kidogo kwa jiwe kabla ya kuanza. Glavu kwenye milingi ni hatari, miwani ni lazima.

Kuzima pia kuna namna yake. Breki ivutwe taratibu, kwa sababu ukiikaba ghafla kutoka kasi kubwa, uzito wa chaki unaendelea mbele na taya zinalegea. Kamata biti kwa kitambaa kabla ya kugeuza chochote.

Kazi zisizo za chaki hii

Endimili usiiweke humo. Taya hushika kwenye mistari mitatu myembamba, na msukumo wa pembeni unaoletwa na endimili utaitoa taratibu ikizama kwenye kazi, au utaing'oa chaki kwenye tepa yake. Biti za mkono wa kushoto za kutolea bolti zilizovunjika pia hazifai, kwani huzunguka kinyume. Kukata hesi kwa mota hali kadhalika: kuingia itaingia, ila wakati wa kurudisha chaki inalegea na tapi (kifaa cha kukatia hesi) inabaki ndani. Endimili ni ya koleti; hizo mbili nyingine ndizo kazi za chaki ya ufunguo, au koleti.

Rima, kifaa cha kulisawazisha tundu mpaka kipimo kamili, inaruhusiwa. Kwa tundu la milimita 10 toboa 9.8, shuka kwenye nusu ya kasi ya kutoboa au chini zaidi, na utoe rima ikiwa bado inazunguka mbele.

Ikikwama, na kuitunza

Baada ya biti kubwa, chaki inaweza kukataa kufunguka kwa mkono. Nyingi nzuri zina tundu au mtaro wa spana ya ndoano. Kama haina, tumia mkanda wa kufungulia filta ya mafuta ya gari. Spana ya bomba itang'ata chuma, na siku inayofuata mdomo huo wenye meno utakuchana kiganja.

Kila jioni futa chembe na uiache mdomo chini, taya zikiwa wazi kidogo. Mwendo ukianza kuwa mzito, ifungue: legeza kofia ya mbele kutoka kwenye mwili kwa mikanda miwili, toa taya moja moja na uziweke kwa mpangilio zilivyokuwa, maana zimesagwa pamoja na hazipendi kubadilishana nafasi. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, paka grisi nyepesi yenye molibdeni kwenye skrubu na migongo ya taya. Kidogo tu, grisi ikizidi inakusanya chembe ndogo na utairudia kazi hiyohiyo mapema. Ukiirudisha, fungua na ufunge mara kadhaa, kisha pima tena kuyumba kwa pini ileile, na uandike kipimo kwa kalamu kwenye boksi lake pamoja na tarehe.